Mstari Mmoja kwa Kila Mbuni

Jumanne, 2 Oktoba 2001
Mistari kumi na minne ya somo la Jumapili asubuhi hii. Tabitha alisoma huku akipepeta mahindi, mwishoni akaharakisha ili awahi shambani. Mke wangu husoma kama mtu anayegombana. Nikamwomba arudie mara tatu. Ya tatu alirudia kwa kununa.

Kisha nikaenda kwenye kahawa ya usharika, nyuma ya nyumba, nikaweka kila mstari kwenye mbuni wake. Wa kwanza karibu na choo. Wa tatu ule uliolala. Wa saba wenye tawi lililokatwa. Jumapili nitasimama madhabahuni, nifungue kitabu palipo na utepe, halafu nitembee kichwani mbuni kwa mbuni. Watu watadhani nasoma.

Ninaandika kwa kalamu nene ya kuandikia magunia. Hata hivyo naona nusu ya neno.

Alhamisi, 4 Oktoba
Ishirini na miwili. Kichwa kinauma.

Daktari alisema ni presha ya macho na kilichokufa hakifufuki. Anayejua ni Tabitha peke yake. Anasema niwaambie wazee wa kanisa. Rahisi kusema. Mwinjilisti aliyenitangulia hapa Ihanda aliugua miguu. Waliomba sana kwa ajili yake, wakamwaga machozi, wakampa wiki mbili ahame nyumba ya usharika. Mimi kwetu Ileje sina hata kibanda.

Jumapili, 7 Oktoba
Imepita. Mistari yote thelathini na mmoja. Akina mama wamenisifu kwa kusoma bila kukwama. Nilitabasamu. Najichukia.

Jumatano, 10 Oktoba
Kikao cha wazee. Mzee Haonga, ndiye anayetunza madhabahu, amesema bei ya kahawa imeanguka, mibuni ing'olewe, tupande mahindi kabla ya mvua. Wote wakakubali. Wakaniuliza mimi. Ningesema nini? Nikasema kahawa ni urithi. Haonga akajibu, "Baba Mwinjilisti, urithi hauliwi kwa maharage." Wakacheka. Nikacheka nao. Kikao kikafungwa kwa sala, na mwenye kusali ni mimi.

Ijumaa, 12 Oktoba
Vijana wameingia na majembe na mashoka. Nimekaa ndani, nimesikia kila mzizi.

Jumapili, 14 Oktoba
Somo fupi. Mungu ana huruma.

Jumatano, 17 Oktoba
Somo la Jumapili hii lina mistari arobaini. Nimetoka nyuma ya nyumba, nikatumbukia kwenye shimo. Mashimo yote yamefanana. Nimejaribu nguzo za nyumba, ziko kumi na mbili tu. Nikajaribu vyombo vya Tabitha. Anavihamisha kila saa.

Ijumaa, 19 Oktoba
Nafika wa tisa, naanguka. Nimemfokea Tabitha kwamba anameza maneno. Ameniwekea kitabu mapajani, akasema, "Basi soma mwenyewe." Akaenda kisimani. Alikuwa na haki. Nimekaa na kitabu mapajani mpaka aliporudi.

Jumapili, 21 Oktoba
Nimekwama wa tisa.

Nilipapasa ukurasa kama mtu aliyepoteza mahali. Mtoto akakohoa. Kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa, kunisitiri. Hapo Haonga akaja, akafunga kitabu taratibu, akanishika mkono hadi kwenye kiti. Akahubiri yeye, vibaya, kwa muda mrefu.

Baada ya ibada tukabaki wawili. Akaniambia kwa upole, "Utepe huu niliuweka mimi, Baba. Tangu Pasaka ya mwaka juzi sijausogeza. Unafungua palepale, unasoma kila kitu."

Nikamuuliza nani mwingine anajua.

"Labda watoto wadogo ndio hawajui."

Miaka miwili. Mimi nilikuwa najifungia ndani, kumbe nao wamesimama nje wameshika mlango, wakiogopa nitaaibika. Nina hasira nao. Nina aibu. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 24 Oktoba
Wazee wameamua. Nitaendelea kuhubiri. Tabitha atasoma somo. Habari ya nyumba itazungumzwa mwaka mpya. Sikubishana. Huko kuzungumza nakujua.

Tabitha ameuliza avae kitenge kipi.

Jumapili, 28 Oktoba
Mvua kidogo alfajiri. Nimekaa benchi la mbele, mikono mitupu. Tabitha alisoma kwa sauti ile ile ya ugomvi, lakini ilitetemeka. Alitoka mstari wa kumi na moja akaingia wa kumi na tatu. Hakujua. Wa kumi na mbili nilikuwa nao kichwani, ingawa sijui umekaa wapi siku hizi bila mbuni wake.

Sikumsahihisha. Alipomaliza nilikuwa wa kwanza kusema amina.