Baba Mbele ya Sanamu ya Askari

Dada yangu Bhoke,

Natumaini mvua imewafikia huko Nyansurura. Hapa Dar es Salaam joto linachosha.

Jana daktari alituambia macho ya Baba hayatapona tena. Tulipotoka, Baba akaomba nimpeleke kwenye Sanamu ya Askari, kwa kuwa babu naye alikuwa askari vitani. Tukasimama pale mjini kati, magari yakituzunguka.

"Nieleze," akasema.

Nikamwambia ni ya shaba, na bunduki ameielekeza bandarini.

"Na uso wake?"

Nikalia.

Baba amekataza usije stendi ya Mugumu kutupokea tutakaporudi nyumbani. Hataki umwone akishikwa mkono. Wewe njoo tu, dada. Peke yangu siwezi.

Wabusu watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Robi