Dadu Ilisema Sita

Wanangu,

Chakula kimo kwenye sufuria, kipasheni moto, na jiko mlizime. Shangazi atakuja kulala nanyi, msimsumbue.

Asubuhi baba yenu alikuwa ananijaribia mchezo wangu wa ubao ninaoubuni, huu mnaouona mezani. Mnamjua kwa kuiba: dadu ikisema tatu, yeye anatembea tano. Leo ikasema sita, kete ikamponyoka, akabaki kuitazama tu.

"Acha vituko, cheza," nikamwambia.

Akajibu maneno yasiyoeleweka. Nami nikacheka! Nilidhani ananitania. Kisha nikaona mdomo umeenda upande, na mkono wa kulia umelala kama si wake.

Naogopa ni kiharusi. Tunaenda hospitali kwa gari la jirani, yule seremala.

Mkubwa, bibi asijue mpaka nimpigie mwenyewe. Presha yake unaijua.

~~Tutarudi jioni.~~ Sijui tutarudi lini, siwezi kuwadanganya.

Nimekimbilia ndani kuchukua kadi yake ya hospitali tu. Nilipotaka kushuka garini alining'ang'ania kwa mkono wa kushoto mpaka vidole vikaniuma. Nguvu bado anazo.

Seremala anapiga honi.

Mama yenu