Viatu vya Musyimi

Kanyangi, Jumapili

Kwako ndugu yangu Kyule, huko Mbumbuni,

Sisi tuko, Mungu anatusaidia. Mbaazi zimetoa maua, na mbuzi mmoja amezaa mapacha. Kanisani bado wanamtaja mwanangu Musyimi, vile alivyokuwa akishinda mbio zote akiwa sekondari.

Tangu tumzike, viatu vyake vya mbio vilikuwa chini ya kitanda, vikiwa na vumbi la uwanja wa shule. Sikuvigusa. Juzi jirani yangu Wayua alikuja kunisaidia kufua, akavisugua vikang'aa. Nikamwambia asante. Ningesema nini?

Unajua huku maji ya kufulia hatumwagi ovyo. Yale aliyosugulia viatu aliyamimina kwenye mpapai, vumbi likaenda nayo. Jioni nachukua kigoda, nakaa hapo mpaka kuku waingie. Wayua anadhani napunga upepo.

Dada yako,
Nzilani