Kinundu cha Generosa

Katoro,
Juni 1984

Kaka Stanslaus,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa. Hasira haifuti ukubwa. Natumaini hapo Samuye wewe na ng'ombe mko wazima. Mimi mwili mzima, ila rohoni nachemka.

Mwanao Generosa amepasuliwa mgongo Mwanza, na yu hai. Usiulize ruhusa katoa nani. Mkeo Anisia alimleta kwangu juu ya baiskeli, miguu inaning'inia, hata haja ndogo haizuii. Juu ya kile kinundu cha mgongoni zimejaa chale za mganga wako. Mtoto anakufa ganzi, ninyi mnasoma utumbo wa kuku kumtafuta mchawi!

Daktari alimpiga picha, akatueleza kwamba mfupa umeota hadi ndani ya uti wa mgongo, unabana mshipa wa fahamu unaoshuka miguuni. Si saratani, wala si mkono wa mtu. Tungezidi kuchelewa, asingesimama tena. Basi wakafungua, wakauchonga ule mfupa taratibu. Alipochezesha kidole gumba cha mguu, Anisia alilia mpaka nesi akamtoa nje.

Damu ilipohitajika, wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Febronia. Ndiyo, mama mkwe wako, mtu usiyepaswa hata kumkazia macho, nawe ukamwita mchawi mbele ya sungusungu, hao walinzi wa kijiji, eti macho yake mekundu. Huna haya! Ule ni moshi wa samadi anayopikia, na ugali wake uliula. Kwa kuogopa kuuawa, alikimbilia kwangu na kanga moja.

Sasa sikia kilichonishikisha kalamu. Daktari aliuliza nani katika ukoo ana vinundu vya mifupa, maana hurithiwa. Anisia hana. Febronia hana. Nikalikumbuka nundu lako chini ya goti, unalosema fahali alikupiga teke, na lile la begani. Vimetoka kwako, kaka. Kuku wako hakuliona hilo?

Anisia anasema siku hizi nawe unaburuta mguu. Daktari anataka akupime. Njoo, utafikia kwangu. Lakini pale mlangoni ndipo Febronia anapomfundisha mjukuu wake kutembea, na mlango ni huo mmoja.

Wa hapa wote wanakusalimu. Generosa anauliza bibi atarudi lini nyumbani kwake. Nimemwambia baba yake atamjibu, bibi mwenyewe akisikia.

Mdogo wako,
Coletha