Msrilanka wa Ghorofa ya Tatu

Beirut, 2 Novemba 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa dawa za kusafishia sakafu.

Mkataba wangu wa miaka mitatu unaisha Desemba. Madam Nazira ameniwekea karatasi ya miaka miwili mingine, anataka nitie sahihi kabla ya mwaka mpya. Nimechoka, Mama. Niambie jambo moja tu: Getnet ametuma wazee kuniposa? Kama ametuma, narudi. Kama kimya, narudi kufanya nini? Bora nibaki nipige deki.

Hapa mtumishi wa ndani anaitwa Msrilanka, atoke kokote. Walioanza kuja walitoka Sri Lanka, jina likabaki kwenye ufagio. Juzi nilimsikia Madam akimwambia mgeni, "Msrilanka wangu ni Mhabeshi, wa jirani ni Mfilipino." Hawakucheka. Nilicheka mimi jikoni, halafu nikakasirika.

Jibu upesi, na uandike kwa anwani ya nyumba hii, maana ofisi ya wakala aliyenileta, iliyokuwa ikipokea barua zako, imefungwa.

Mwanao,
Wubit


Debre Sina, 24 Novemba 1998

Mwanangu Wubit,

Usitie sahihi! Salamu baadaye.

Wazee wa Getnet walikuja Jumapili, watatu. Walisimama mlangoni na fimbo zao, wakakataa kuketi. Mzee Tessema miguu imemvimba. Nikamwambia, "Baba, kaa basi, utaniangukia hapa." Akasema, "Sikai mpaka utupe binti." Nimewaambia waje tena, maana binti hatolewi siku ya kwanza, lakini moyoni nimeshakubali. Wanataka harusi kabla ya Mfungo Mkuu wa Februari. Rudi.

Sasa salamu. Goti linauma, ng'ombe amezaa. Hujambo?

Mama yako


Beirut, 5 Januari 1999

Mama,

Shikamoo. Krismasi yetu ni keshokutwa na hapa hakuna anayejua.

Nilingoja barua yako mpaka siku ya mwisho ya Desemba. Haikuja. Nikatia sahihi.

Jana nilishusha kikapu kwa kamba kutoka roshani, muuza mboga anitilie vitunguu. Bawabu, Abu Hasan, alikuwa amekaa naye, anamwambia, "Imekuja tena barua ya Uhabeshi, ya mtu sijui Wubit. Nimeirudisha, ya pili hiyo."

Nikapiga kelele, "Ni yangu!"

Akatazama juu. "Yako? Wewe si Msrilanka wa Madam Nazira?"

"Mimi Mhabeshi!"

"Haya, Msrilanka wa Uhabeshi. Miaka mitatu, mbona hukusema una jina?"

Vitunguu vilikuwa vimeshapanda nusu. Nikaiachia kamba, vikamwagika barabarani.

Uliniandikia nini, Mama? Silali kwa kuwaza. Abu Hasan anahama wiki ijayo. Nilimwomba Madam amwambie bawabu mpya jina langu. Akasema, "Ana majina mangapi ya kukariri huyo?" Nami siruhusiwi kushuka, na tangu vile vitunguu nimekatazwa kuita mtu kutoka roshani. Kwa hiyo andika juu ya bahasha: Msrilanka, kwa Madam Nazira, ghorofa ya tatu. Jina langu usiliandike kabisa, litairudisha.

Mwanao,
Wubit


Debre Sina, 29 Januari 1999

Wubit mwanangu,

Hujambo? Barua zangu mbili zimerudi siku moja, hazijafunguliwa. Nimelia, sasa nimenyamaza.

Getnet ametuma wazee mara mbili. Nimewaeleza habari ya mkataba. Atakungoja hiyo miaka miwili, lakini anataka aone kwa mwandiko wako kwamba bado unamtaka. Watakuja mara ya tatu Jumapili baada ya Pasaka. Nisipokuwa na barua yako mkononi, watahesabu umekataa.

Nilipokwenda kununua bahasha, Mwarabu wa dukani aliniambia, "Andika kama alivyokwambia, mama. Mimi si Mwarabu, ni Mgurage wa Butajira, wa nchi hii hii. Mwarabu mwenyewe alikufa zamani, nikanunua duka, nikaachiwa na jina. Mkiniita naitika, nawapimia chumvi."

Nikamwambia, "Wewe ni wewe. Huyu nimemzaa mimi."

Sikuzaa Msrilanka. Juu ya bahasha nimeandika Wubit Desalegn kwa herufi kubwa, na kalamu nyekundu nimeazima kwa Mwarabu, huyo bawabu mpya asome vizuri.

Jibu mapema. Wazee hawaji mara ya nne.

Mama yako