Mishono Inayoruka Kwenye Blanketi la Mama Riziki

Alhamisi, mtaa wa Ndosho. Mvua toka saa kumi na mbili asubuhi, volkano haionekani hata kidogo. Nimelala vizuri, sina homa. Naandika hivyo ili mtu asije kusema nilikuwa naota.

Tangu Jumanne cherehani yangu inaruka mishono.

Mnaosoma hapa mnaijua kazi yangu: nashona mablanketi ya safu tatu. Juu vipande vya vitenge, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Kisha nateremsha yale meno yanayosukuma kitambaa, natembeza kazi kwa mikono yangu mwenyewe, na sindano inachora maua na mizunguko inayobana safu zote. Hakuna aliyenifundisha. Niliingia mji huu na mkeka kichwani, nikajifunza kwa kuharibu, na nimeharibu vingi. Miaka kumi na moja sasa. Kwa hiyo mtu akisema mashini yangu ina kasoro, ananigusa penye kidonda.

Na wamesema. Papa Kasereka, fundi wa suruali ninayegawana naye kibanda, alichungulia kazi yangu jana akatikisa kichwa.

"Mama Neema, hiyo mashini yako iko na roho ingine ndani."

"Roho iko ku macho yako. Angalia hiyo suruali unashona: muguu moja inaenda Sake, ingine inaenda Rutshuru."

Tulicheka wote wawili. Alipotoka, nilianza kuikagua mashini upya, kitu kimoja kimoja.

Sindano mpya namba 90: inaruka. Namba 100: inaruka. Nikatoa uzi wote nikauingiza upya. Nikafungua kaneti, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nikatoa manyoya na hili vumbi letu jeusi linaloingia kila mahali. Nikalegeza uzi wa juu nusu mzunguko. Nikapunguza mwendo wa mikono, maana mikono ikikimbia kuliko miguu kwenye kanyagio, uzi wa juu haukamatwi chini. Bado inaruka. Mwisho nikachukua kazi nyingine, safu tatu vile vile, nikashona mishono mia nne. Hakuna hata mmoja ulioruka.

Mashini ni nzima.

Nikarudi kwenye blanketi la Mama Riziki. Pembeni, mishono mia mbili, safi kabisa. Katikati kuelekea kushoto, mishono mia mbili, sitini na mmoja imeruka.

Niseme huyu mama ni nani. Anatoka Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita. Lile blanketi la katikati ni lake, la kijivu, jembamba. Alilileta limekunjwa na kufungwa kamba, na sharti lake lilikuwa moja, nisilifue: "Usiifule." Mtoto wake, Riziki, wa miaka minne, alifia humo. Kambi inavunjwa, Jumamosi wanapanda lori kurudi Masisi, na anataka lifike huko likiwa limeshonwa, lisichanike njiani, akae nalo. Ndicho kitu pekee cha mtoto alichobaki nacho.

Naungama: nilikasirika. Nilijisemea, watu wanakuletea uchafu halafu wanakuwekea masharti. Mimi pia nililala kambini, na hakuna aliyenishonea kitu. Nililikunjua haraka bila kuliangalia, nikalifunika kwa vitenge siku hiyo hiyo, nisilinuse.

Leo asubuhi nikachukua chaki. Kila penye mshono ulioruka niliweka alama, nione kama kuna mpangilio. Alama sitini, mia, mia na themanini. Kisha nikasimama, nikaitazama kazi kutoka juu.

Ni mtoto.

Amelala ubavu, magoti yamekunjwa. Kisogo, mgongo, nyayo, vyote vipo. Nilipima, kwa sababu nikiogopa huwa napima: kutoka utosini hadi chini ya nyayo, sentimita sabini na nne, vile alivyojikunja. Kitenge kilichokuwa juu yake kilikuwa kipya, chenye ndege wa manjano, hakina doa. Chaki ilikuwa yangu na mkono uliochora ulikuwa wangu. Nilinyanyua kitambaa cha kufutia, nikakirudisha mezani.

Kitu kimoja sikukielewa. Kutoka kifuani pake alama zilitoka nje, mstari mwembamba kama upana wa vidole vitatu, zikaenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa blanketi. Nilidhani nimekosea kuweka alama. Nikashona tena pale. Ikaruka pale pale.

Basi nikafumua ukingo kidogo, nikainua kitenge. Blanketi ndani lilikuwa gumu kama kartoni, jeusi, na harufu yake niliitambua mara moja: yale mafuta meusi ya kokwa za mawese. Mama zetu wanampaka nayo mtoto mwenye homa, mwili mzima, asubuhi na jioni. Mafuta, jasho, vumbi la volkano, halafu vikakauka pamoja. Sindano ikipita pale inatoka na gundi, uzi unaing'ang'ania, kile kitanzi kinachotakiwa kukamatwa chini hakifunguki, mshono unaruka. Ni hayo tu. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni.

Nikabandika maji.

Ndiyo, nilitaka kulifua kwa siri. Na sikuzuiwa na huruma, nilizuiwa na hesabu: blanketi la safu tatu, mvua hii, siku mbili halijakauka. Maji yalichemka nikayatazama.

Saa nne Mama Riziki akaingia, kabla sijafunika meza. Aliiona chaki. Alizunguka meza taratibu, akaweka kiganja ukingoni, pale pale ule mstari ulipotokea.

"Mi nilikuwa nalala huku inje," alisema. "Blanketi ilikuwa mudogo kwa watu wawili. Alikuwa ananishika kidole."

Nilikuwa sijamwambia neno lolote juu ya ule mstari.

Lakini kazi ni kazi, na ukweli ni haki yake.

"Mama, nikifula, itashikana muzuri, itakaa miaka. Nisipofula, hapa katikati mashini inakataa. Safu zitaachana ndani."

"Na ukishona kandokando yake, na mukono?"

"Na mukono ni kazi ya siku mbili."

"Leo ni Alhamisi."

Mtu anayejua kuhesabu hivyo sibishani naye. "Njoo Jumamosi saa moja," nilimwambia.

Nimeanza saa tano. Sindano ndefu, uzi mara mbili, mshono unafuata chaki kwa nje, upana wa punje ya mchele kutoka alama. Ndani ya umbo sikugusa. Papa Kasereka alipita mara tatu na hakutania. Mara ya tatu aliniwekea kikombe cha chai, akatoka akinyata kwa vidole vya miguu. Sikumuuliza kwa nini anatembea hivyo.

Saa kumi nilifika nyayoni. Ndipo nilipogundua mkono wangu wa kushoto uko wapi. Toka nianze, ulikuwa nje ya ukingo, umetulia pale ambapo mama yake aliweka wake. Kuishika kazi pale hakusaidii chochote, fundi yeyote angeshika juu zaidi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, isipokuwa kimoja kilichokuwa na joto, kama kimeshikwa.

Nauhitaji mkono huo, nusu ya mshono bado na Jumamosi iko karibu. Nikautoa. Lakini niliutoa pole pole, kidole kimoja kimoja, huku nimebana pumzi, vile mama anavyotoka kitandani asimwamshe mtoto ambaye ndiyo kwanza usingizi umemchukua.