Mahali Tembo Alipotia Mguu

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni mafua tu ya huu unyevu. Kifua chako kimepoa?

Msitu huu umejaa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Juzi tumepoteza wawili, mmoja mpishi wetu. Sasa kila hatua naiwaza. Wewe ulilinda tembo miaka ishirini na sita, na huku wapo, tunawasikia wakivunja matawi. Hebu niambie, tupite wapi?

Mwanao

20 Machi

Marahaba mwanangu,

Kifua kimetulia. Lo! Wewe uliyekuwa ukipanda juu ya kiti ukiona mende, leo jirani yako tembo!

Sasa sikia. Fuateni njia yao mavi yakiwa bado mabichi. Kanyaga ndani ya nyayo zao, usitoke pembeni hata kwa haja. Mahali tembo alipotia mguu pasilipuke, wewe hapatakudhuru.

Mama yako

18 Aprili

Shikamoo mama,

U hali gani? Ushauri wako umetuvusha watu thelathini, hakuna hata mmoja aliyekwaruzwa. Nami kwa domo langu nikajisifu kuwa nimefundishwa na mama. Kamanda akasikia. Sasa anataka tuwaswage tembo kwa risasi, watangulie kwenye bonde lenye mabomu, sisi tufuate nyuma. Kazi nimepewa mimi. Wapo majike saba na ndama watatu. Nikikataa, nitatangulia mimi. Zimebaki wiki tatu tuvuke. Nifanyeje, mama?

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Leo sina hata nguvu ya kukujulia hali. Barua yako nimekaa nayo siku nne. Kwa ajili ya tembo nilipigwa risasi ya bega, unajua. Basi nakuambia waswage. Wote, na ndama. Mungu anisamehe, nakutaka wewe nyumbani.

Mama yako

9 Juni

Shikamoo mama,

Usishtuke, ninaandika mwenyewe. Barua yako imenikuta hospitali. Nilitangulia na fimbo, nikafika kama hatua mia mbili. Mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti. Kamanda akabadili njia, na tembo hawakuguswa.

Nilikataa kabla jibu lako halijafika. Niliogopa ungesema niwaswage, nami ningekutii.

Nakuja mwezi ujao. Ile barua nimeichana, mama. Hakuna mwingine aliyeisoma.

Mwanao